Kampuni ya rezo (mtandao wa simu) inapokupa ukurasa wa jana au kukugeuzia njia: mwongozo kamili wa kupima na kujikinga

Asubuhi moja mteja alitoka Walungu akaingia dukani kwa yaya wangu, dada yangu mkubwa, pale Kadutu hapa Bukavu, simu mkononi, ekrani imepasuka kona moja, akamuonyesha bei ya sementi kwenye tovuti yetu: dola 14 mfuko. Saa moja asubuhi ile ile yaya alikuwa ameniambia nibadilishe iwe 15 na nusu juu mzigo mpya umefika na bei ingine, na nilibadilisha, niliona kwa macho yangu imebadilika. "Mama, hapa mumeandika 14, sasa munanipandishia juu mumeniona natoka mbali?" Yaya akanigeukia kama vile njo mimi niliyemwibia yule baba. Nikafungua kwa simu yangu: 15 na nusu. Nikafungua kwa simu ya yule baba, kwenye dirisha la navigation privée ili brauza isinidanganye: 14. Anwani ile ile, simu mbili juu ya meza moja, kampuni mbili za rezo tofauti. Nikamwomba azime mega zake (data ya simu) ashike hotspot yangu, tukafungua tena, ikatoka 15 na nusu. Yaya alimuuzia kwa 14 juu ya heshima ya duka, mifuko 20, ina maana dola 30 zetu zilienda hivyo hivyo.

Toka siku ile nimeifuatilia hii kitu mpaka nikaielewa. Kampuni ya rezo haiwezi kuchezea kila kitu, inachezea kile kinachopita wazi, na kwa mtu wa kawaida vitu vinavyopita wazi vimebaki viwili vikubwa: kurasa za http zisizo na s, na maswali ya DNS, yaani simu kuuliza tovuti inakaa wapi. Ukifunga hivyo viwili sehemu kubwa ya usumbufu inaisha. Lakini upime kwanza kabla ya kufunga, juu mara nyingi mtu analaumu kampuni kumbe ni simu yake, ama ni jirani anayemuuzia wifi.

Wanafanya nini hasa

Fikiria unatuma barua Goma na boti. Ukimpa baharia karatasi wazi, kila atakayeishika njiani anaweza kuisoma, kuinakili, hata kuongeza mstari. Http iko vile. Https ni bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri: baharia anaona inaenda kwa nani, ndani hajui, na akiifungua muhuri unavunjika na wewe unaona.

Kazi ya kwanza wanayofanya ni kashe, yaani kuhifadhi nakala za kurasa. Kampuni inaweka seva (kompyuta ya kuhudumia zingine) katikati, wanaita proksi, inashika kila ombi linalopita kwenye poti ya 80, yaani poti ya http; poti ni kama mlango wenye namba. Mtu wa kwanza akifungua ukurasa, proksi inauchukua huko mbali na kubaki na nakala, mtu wa pili anapewa nakala. Hujaweka kitu chochote kwenye simu, hujakubali kitu, inafanyika tu. Programu za kazi hii ni za zamani, Squid inayojulikana kuliko zote iko toka 1996. Na sababu yake si ya wizi: huku kwetu Bukavu mega zinasafiri mbali, zinapita nchi jirani mpaka zifike kwenye nyaya za baharini, na kila kampuni inalipia ile safari. Kashe ikifanya kazi vizuri ukurasa unafunguka haraka na kampuni inapunguza gharama. Shida inaanza pale proksi inapopuuza maagizo ya mwenye tovuti. Tovuti ikisema usiniweke, yenyewe inaweka. Ikisema nihifadhi dakika tano, yenyewe inahifadhi siku nzima.

Usichanganye hiyo na kashe za wenyewe. Google, Netflix na Facebook wana mashine zao ambazo wanaweka ndani ya nyumba za kampuni za rezo, kwa makubaliano, na funguo za https ni zao wenyewe. Video ikifunguka haraka kutoka kwenye mashine kama ile hakuna aliyekuibia. Pia kuna sehemu za kubadilishana rezo, kama GOMIX ya Goma na LUBIX ya Lubumbashi, kazi yake ni kufanya data ya hapa Kongo isizunguke dunia kabla ya kurudi kwa jirani. Hiyo ni kitu kizuri, haihusiki na kugeuza njia za watu.

Kazi ya pili ni DNS. DNS njo inageuza jina kuwa namba, unaandika jina la tovuti, simu inauliza "huyu anakaa wapi?", DNS inajibu. Swali linatoka wazi kwenye poti ya 53, kwa hiyo kampuni inaweza kujibu inavyotaka. Ukikosea jina, badala ya kuambiwa halipo, unapelekwa kwenye ukurasa wa matangazo. Mchezo huu hata wakubwa waliucheza: tarehe 15 Septemba 2003 VeriSign, wanaosimamia majina ya .com na .net, walifanya kila jina lisilokuwepo lielekee kwao, watu dunia nzima wakapiga kelele mpaka wakauzima tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule. Kule Marekani Comcast walianza yao 2009, wakaacha Januari 2012.

Ya tatu ni kuongeza vitu ndani ya data yako. Verizon ya Marekani ilikuwa inabandika namba ya kumtambulisha mteja kwenye kila ombi la http linalotoka kwenye simu, kwenye heda, mstari usioonekana unaosafiri na ombi, inaitwa X-UIDH, ikajulikana sana mwaka 2014 na 2016 wakapigwa faini ya dola milioni 1.35. Mteja hakuweza kuifuta hata akisafisha brauza mara mia, juu haikuwa kwenye simu, ilibandikwa njiani.

Halafu kuna ile ambayo kila mtu wa hapa anaijua, forfe (kifurushi cha mega) ikiisha unafungua ukurasa unajikuta kwenye ukurasa wa kampuni unaokuambia nunua mega. Hiyo ni kugeuza njia pia, ila ina sababu unayoielewa. Mimi siipigi vita, nitaeleza tu namna ya kuishi nayo.

Kabla ya kupima

Tafuta kadi mbili za simu za kampuni tofauti, ama rafiki mwenye kampuni ingine akupe hotspot dakika kumi. Ukiwa na ordinateri ni vizuri, Windows 10 toka toleo la 1803 la mwaka 2018 iko na curl ndani tayari, programu ya kuomba ukurasa kwa kuandika amri. Kama uko na Android peke yake, weka Termux, app ya kuandika amri, kisha andika:

pkg install curl dnsutils

Zima VPN, ile programu inayopitisha data yako yote kwenye seva ingine ikiwa imefungwa. Zima Opera Mini na brauza zingine zinazopunguza data, juu hizo zenyewe ni proksi, zinapitisha ukurasa kwenye seva zao kabla hazijakuletea, utapima Opera ukifikiri unapima kampuni. Na kama unatumia wifi ya kununua kwa kode, zile za mitaa, ama ya siber (cybercafé), ama ya kazini, jua kwamba mwenye wifi naye anaweza kugeuza poti ya 53 na ya 80 kwenye ruta yake, ruta za MikroTik zinaweza kufanya hivyo kwa mistari michache tu ya mipangilio. Pima kwa kadi ya simu moja kwa moja, kisha upime kwa wifi. Tatizo likionekana kwenye wifi peke yake, nenda uongee na mwenye wifi kwa adabu, kampuni uiache.

Hatua ya 1: toa simu yako kwenye orodha ya washukiwa

Fungua ukurasa kwenye dirisha la siri. Kwenye ordinateri piga Ctrl na F5. Ukurasa wa zamani ukiondoka, ilikuwa kashe ya brauza yako, umemaliza, rudi kwenye kazi zako. Ukibaki, endelea.

Hatua ya 2: ongeza mkia

Hii njo ninaipenda kwa kuwa hata mtu asiyejua kompyuta anaifanya. Mwisho wa anwani ongeza ?v=1 halafu ufungue. Tovuti nyingi zinapuuza ule mkia na kukupa ukurasa ule ule, lakini kwa kashe hiyo ni anwani mpya ambayo haijawahi kuiona, kwa hiyo inalazimika kwenda kuchukua. Bila mkia unaona 14, na mkia unaona 15 na nusu: kuna nakala ya zamani imekaa mahali kati yako na tovuti. Wapi, bado hatujui. Inaweza kuwa kwa kampuni, inaweza kuwa kwenye seva ya tovuti yenyewe. Rudia na kadi ya kampuni ingine, bila mkia. Kama kampuni ya pili inakupa mpya moja kwa moja, macho yageukie ya kwanza.

Hatua ya 3: soma heda

Kila ukurasa unakuja na mistari ambayo brauza haikuonyeshi. Ichukue hivi kwenye Termux:

curl -s -D - -o /dev/null http://anwani-ya-tovuti

(Kwenye Windows badala ya /dev/null weka NUL.) Tafuta Via, X-Cache na Age. Via na X-Cache ni alama kwamba ukurasa umepita kwenye proksi ama kashe. Age ni sekunde toka nakala ilipohifadhiwa. Siku ile ya sementi, kwa hotspot ya yule baba wa Walungu, saa tatu kamili asubuhi, nilipata hii:

Age: 41873

Gawa kwa 3600, ni saa 11 na dakika 37 na kitu. Hesabu kurudi nyuma: nakala ile ilichukuliwa jana yake saa tatu na dakika 22 usiku, wakati bei ilikuwa bado 14. Na seva yangu ilikuwa inatuma Cache-Control: no-store, maana yake wazi kabisa ni usihifadhi. Kwa kadi yangu mimi, Age haikuwepo, Via haikuwepo. Kapture (picha za ekrani) za zile heda mbili, moja pembeni ya ingine, ninazo mpaka leo na njo zilinisaidia kuliko maneno yote niliyowahi kuongea na service client.

Angalizo moja. Ukiona cf-cache-status, ile ni Cloudflare, kampuni inayowahifadhia wenye tovuti nakala za kurasa zao, na aliyemweka pale ni mwenye tovuti. Age na X-Cache zinaweza pia kutoka kwa mashine za mwenye tovuti. Njo maana unalinganisha kampuni mbili: kilicho cha tovuti kitaonekana kote, kilicho cha kampuni kitaonekana kwa mmoja.

Hatua ya 4: gonga mlango wa nyumba isiyokuwepo

Kuna namba za intaneti zilizotengwa kwa mifano ya vitabu tu, hakuna seva ya mtu yeyote duniani inayokaa hapo. Moja ni 192.0.2.1. Andika kwenye brauza, na http mbele:

http://192.0.2.1

Inavyotakiwa, itazunguka, itazunguka, mpaka ichoke iseme haikupata jibu. Kama inakurudishia palepale ukurasa wa kosa, hasa ule unaosema proksi imeshindwa kufikia anwani, umeikamata. Umegonga mlango usiokuwepo na mtu amekuitikia "karibu", sasa aliyeitika ni nani? Ni proksi iliyosimama njiani. Kwa curl unaona vizuri zaidi:

curl -v http://192.0.2.1

Neno Connected likitokea, kuna mtu njiani anapokea simu za watu wengine. Usipime kipimo hiki kwa https, poti ni ingine, hautajifunza kitu kuhusu kashe.

Hatua ya 5: DNS kwa ujanja ule ule

Watu wengi wananiambia "mimi nilibadilisha DNS nikaweka 8.8.8.8, mimi niko huru". Si lazima. 8.8.8.8 ya Google (iko toka Desemba 2009) ukiiweka kwa njia ya kawaida, swali bado linatoka wazi kwenye poti ya 53, na ruta ya kampuni inaweza kulikamata, ikajibu yenyewe, kisha ikasaini jina la 8.8.8.8 chini. Simu haina namna ya kutofautisha. Pima:

nslookup example.com 192.0.2.1

Unauliza swali la DNS kwa nyumba isiyokuwepo. Jibu zuri ni kwamba hakuna jibu, timed out. Windows itaandika ile namba juu kwenye mstari wa Address, usishtuke, hiyo ni yenyewe kukurudishia ulichoandika. Ila kama chini kunatokea Name: example.com na namba zake, kuna anayekamata poti ya 53, na 8.8.8.8 yako ilikuwa mapambo. Kampuni zingine zinakamata DNS zinazojulikana tu na kuacha hizi zingine zipite, kwa hiyo kimya hapa si uhakika wa asilimia mia, lakini jibu hapa ni ushahidi tosha.

Kisha uliza jina ambalo unajua halipo, ulibuni mwenyewe, na uweke nukta mwishoni ili Windows isiongezee kitu:

nslookup hakunahiitovuti20731bkv.com.

Jibu la kweli ni Non-existent domain, ama NXDOMAIN kwenye Termux. Ukipewa namba ya seva, umedanganywa. Andika ile namba.

Andika

Tarehe, saa, mtaa uliko, kampuni, wifi ama kadi ya simu, ulichoandika, kilichojibu. Rudia siku tatu kwa saa tofauti, asubuhi na usiku, juu kashe ingine inaweza kuonekana saa zingine tu. Mimi niliandika kwenye daftari la shule, safu tano za kalamu. Ile hatua watu wanairuka halafu wanaenda kulalamika mikono mitupu.

Sasa tufunge: kwa mtumiaji

Anza na brauza. Chrome ya Android, kwa simu zetu nyingi zilizo kwa Kifaransa, ni Paramètres, halafu Confidentialité et sécurité, halafu Toujours utiliser des connexions sécurisées. Firefox iko na mode HTTPS uniquement toka toleo la 83 la Novemba 2020. Ukiwasha, brauza inajaribu https kwanza kila mahali, na kama tovuti haina inakuuliza kabla ya kuendelea. Kashe ya poti ya 80 inabaki haina cha kukamata.

Halafu DNS iliyofungwa, na hii njo dawa ya ile 8.8.8.8 isiyokukinga. Android 9 kwenda juu: Paramètres, Réseau et Internet, DNS privé (kwenye simu zingine imejificha chini ya Connexions, andika tu DNS kwenye kutafuta). Chagua Nom d'hôte na uandike moja kati ya hizi:

dns.quad9.net
one.one.one.one
dns.google

Andika jina, siyo namba, namba inakataa. Mimi nimeweka Quad9 juu inazuia pia majina ya tovuti za wezi wanaojulikana, na makao yao ni Uswisi. Maswali yako sasa yanaenda ndani ya bahasha kwenye poti ya 853, na cheti cha yule anayejibu (hati ya kuthibitisha kwamba ni yeye kweli) kinakaguliwa, mtu wa kati hawezi kusaini jina lake.

Mambo mawili yatakusumbua, nakuambia mapema usije ukanilaani. La kwanza, rezo zingine zinafunga poti ya 853, simu itasema haiwezi kufikia DNS privé na intaneti yote itasimama. Hapo rudisha Automatique, na uwashe DNS sécurisé ndani ya Chrome ama Firefox, ile inapita poti ya 443 pamoja na https nyingine zote na ni vigumu kuifunga peke yake. La pili ni ule ukurasa wa forfe imeisha, ama wa wifi ya hoteli unaoomba kode: ukifunga DNS unaweza usitokee, ukabaki unaona intaneti imekufa hujui kwa nini. Kwanza angalia mega zako kwa kupiga kode ya kampuni, hiyo haihitaji intaneti. Kwa wifi ya hoteli, zima DNS privé dakika moja, fungua http://neverssl.com, ukurasa wa kuingia utatokea, weka kode, kisha washa tena.

Ukiona onyo la cheti, lile la ekrani nyekundu ama ERR_CERT, usibonyeze endelea. Angalia kwanza tarehe ya simu, mara nyingi betri imezimika kabisa na simu imerudi miaka ya nyuma, cheti chochote kitaonekana kibovu. Simu za zamani sana, chini ya Android 7.1, nazo zinakataa vyeti vingi halali vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa tovuti. Hivyo vikiwa sawa na onyo bado liko kwenye rezo moja tu, kwenye ingine halipo, mtu anajaribu kufungua bahasha yako. Na mtu yeyote akikuambia weka cheti hiki kwenye simu ili intaneti iende vizuri, kataa, hata akiwa amevaa koti ya kampuni. Kazakhstan serikali iliomba wananchi wafanye hivyo Julai 2019, na mwezi uliofuata Google, Mozilla na Apple wakakifungia cheti kile kwenye brauza zao. Cheti kama kile kikiingia, bahasha zako zote zinafunguliwa na kufungwa tena na hautaona alama.

VPN je? Inafunga yote kwa mara moja, lakini unahamisha tu imani, kile kampuni ya rezo ilikuwa inaona sasa anaona mwenye VPN, na zile za bure zinaishi kwa kitu gani? Pia inakula mega kidogo zaidi na umbali unaongezeka. Mimi ninaitumia siku za kazi maalum, siyo kila siku. Na jua mpaka wa https yenyewe: kampuni bado mara nyingi inaona jina la tovuti unayoenda, haioni ukurasa gani wala unaandika nini.

Kwa mwenye tovuti

Kosa la sementi lilikuwa pia la kwangu, niliacha duka la yaya kwenye http miaka miwili wakati Let's Encrypt inatoa vyeti bure toka mwisho wa 2015. Kama umekodi nafasi yenye cPanel (ukurasa wa kusimamia tovuti) tafuta SSL, mara nyingi ni kubonyeza mara moja. Kama seva ni yako na iko na nginx (programu ya kutoa kurasa), tumia certbot, programu ya kuchukua cheti:

certbot --nginx
certbot renew --dry-run

Mstari wa pili ni wa kuhakikisha cheti kitajifanya upya chenyewe, juu kinaishi siku 90 tu, na tovuti yenye cheti kilichokufa inatisha wateja kuliko isiyo na cheti.

Kiisha geuza http yote iende https, na ukishaona kila kitu kinaenda, ongeza heda ya Strict-Transport-Security, inayoiambia brauza itumie https tu kwa tovuti yako kwa muda unaoutaja. Anza na max-age=300, dakika tano, kaa nayo wiki, halafu upandishe mpaka 31536000 ambayo ni mwaka. Ukianza na mwaka halafu cheti kikaharibika, wateja wako wamefungiwa nje na hauna namna ya kuwaita.

Kitu ambacho sikukijua na kilinila siku nne: hata baada ya kuweka https, mteja aliyefungua kiungo cha zamani cha http bado alipewa nakala ya jana na proksi, juu ombi lake halikufika kwangu, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kumgeuza. Ilibidi nibadilishe viungo vyote kwenye WhatsApp ya duka, kwenye Facebook, na kwenye kadi za yaya zilizochapishwa tukaongeza https:// kwa kalamu, moja moja, kadi mia mbili.

Barua

Katiba yetu kifungu cha 31 inampa kila mtu haki ya faragha na siri ya mawasiliano yake, na sheria ya telekomu ni namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Anayesimamia kampuni za simu ni ARPTC. Lakini anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi, ubaki na nakala yenye sahihi ya mapokezi. Usiandike "rezo yenu ni mbaya". Andika: tarehe hii, saa hii, Kadutu, kwa kadi yenu, http://192.0.2.1 imejibu, ukurasa wenye no-store umekuja na Age 41873, kwa kampuni ingine haikuwa hivyo, ninaomba mheshimu maagizo ya kashe ama mniondoe kwenye proksi. Unganisha kapture. Fundi akisoma hiyo anajua hawezi kukuambia uzime simu na kuiwasha.

Mimi mara ya kwanza waliniambia kweli nizime simu niwashe. Nikarudi na daftari. Baada ya wiki tatu hivi, 192.0.2.1 kwa kadi ile ikaanza kuzunguka mpaka kuchoka, kimya, inavyotakiwa. Hawakunipigia wala kuniandikia. Poti ya 53 bado inajibu mpaka leo, nilipima tena jana usiku, na barua ya pili nimeshaiandika, na nakala ya ARPTC iko ndani ya bahasha ile ile.